Ngozi Imetakata, Kisigino Je?

Mwezi huu tuongelee kitu ambacho wapenzi wengi hufichana: soriasisi, yale magamba meupe yanayoota viwikoni, magotini na kichwani.

Rafiki yangu anafanya kazi benki Korogwe, mumewe ni mwalimu Handeni. Jamaa alipotoka mabaka, ndugu wa mke wakaanza maneno: mara ukoma, mara karogwa, binti arudi nyumbani. Jamani, soriasisi haiambukizi! Walaleni kitanda kimoja, mkumbatiane mpaka mchoke. Ni kinga ya mwili inayougeukia mwili wenyewe.

Akapaka dawa, ngozi ikatakata, ndugu wakanyamaza. Ila wikiendi mke akawa anamwona akiamka anachechemea karibu saa nzima, halafu anakuwa poa. Mwenyewe anasingizia pikipiki.

Ujanja wa ugonjwa huu uko hapo. Kati ya wagonjwa 10, hadi 3 hivi hupata na maradhi ya viungo, na kiungo kikishaharibika hakirudi kama zamani. Halafu kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, baka huonekana la kahawia au zambarau, jicho linapitwa. Altrasaundi haijali rangi. Mashine ya aina ile ile inayoangalia mimba huweza kuonyesha damu inavyokimbilia kwenye kano yenye uvimbe, hata kabla mtu hajasikia maumivu. Kipimo cha PET kinakwenda mbali zaidi: unachomwa sukari yenye mionzi kidogo, penye uvimbe panaila kwa pupa na kung'aa kwenye picha, wakati mwingine hata pale ngozi inapoonekana safi. Lakini huku kwetu mashine hizo ni za kuhesabu na kazi yake kubwa ni saratani, kwa hiyo usiumize kichwa.

Anza na daktari wa ngozi. KCMC Moshi kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na mabasi ya Moshi yanapita Korogwe. Taja ugumu wa asubuhi, kisigino kinachouma, kucha zenye vitobo vidogo.

Kwa daktari, mke ndiye aliyeongea. Mume alikaa kimya mpaka kisigino kilipobonyezwa, akaruka. Altrasaundi ikaonyesha kano imevimba. Sasa anameza methotreksati mara moja kwa wiki, anapimwa damu, na bia kaacha maana dawa hiyo na pombe huumiza ini. Bifu iliyobaki nyumbani kwao ni hiyo ya bia.