BEI YA GARI IPATANWE KAMA MSHAHARA

Ndugu wanachama,

Kila mara malimbikizo ya mshahara yanapolipwa, wenzetu kadhaa hushuka Mombasa kununua motokaa. Wengine hurudi na gari zuri, nasi twafurahi pamoja nao. Wengine hurudi na deni. Baada ya miezi michache gari limelala chini ya mwembe, na sehemu ya shamba la minazi la mzee imekwisha kuuzwa ili ipatikane arbuni. Kwa kuwa jambo hili lahusu mshahara wetu, ni haki lizungumzwe katika kurasa hizi.

Huenda mtu akauliza, chama cha wafanya kazi kina shughuli gani na ununuzi wa magari? Tunajibu hivi. Chama hupigania nyongeza ya shilingi chache kwa miezi mingi, barua baada ya barua, mkutano baada ya mkutano. Kisha mwanachama huingia yadi ya magari peke yake saa tatu asubuhi, na kabla ya adhuhuri amekwisha kutia sahihi karatasi itakayokula nyongeza yote hiyo na zaidi. Kile tulichokipata tukiwa wengi, twakipoteza mmoja mmoja.

Shauri letu ni kwamba bei ya gari ipatanwe vile vile kama tunavyopatana mshahara. Tusiende peke yetu, tujue hesabu kabla ya kuketi, kila ahadi iandikwe, na tuwe tayari kuinuka na kuondoka.

Hatusemi kwamba kutaka gari ni maringo. Reli yetu hupita Mazeras na Mariakani ikielekea bara. Kilifi mjini, Watamu na Malindi haifiki. Sisi tunaowasafirisha watu wengine, siku ya mapumziko twarudi kwetu kwa matatu, kilomita kama 120 kutoka Mombasa mpaka Malindi. Gari ni la kufika nyumbani, la kupeleka mgonjwa hospitali usiku, na la kubeba nazi na maembe ili posho iongezeke kidogo. Haja hiyo ni ya kweli, na muuzaji anaijua kabla hatujafungua mdomo.

Tutazame basi jinsi muuzaji anavyofanya kazi yake. Ukiingia atakusalimu vizuri na kukuuliza watoka wapi. Ukisema Malindi, atakwambia mama yake ni wa huko. Utaletewa soda baridi na kiti kivulini. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa heshima, na mtu aliyetukaribisha twaona haya kumkatalia. Soda ile si deni, ndugu. Inywe, shukuru, halafu uendelee na mapatano kana kwamba hukuinywa.

Baada ya soda ndipo huja swali lenyewe: "Kwa mwezi unaweza kulipa kiasi gani?" Ukilijibu swali hilo kwanza, umekwisha kushindwa. Muuzaji atachukua jibu lako, ataongeza miezi mpaka hesabu ikubali, na bei ya gari haitatajwa tena.

Tuchukue mfano. Gari ni shilingi 600,000 kwa fedha taslimu. Mwanachama anatoa arbuni 240,000, zinabaki 360,000. Anaambiwa atalipa kwa miezi 24, na riba ni "asilimia 2 tu" kwa mwezi. Hiyo "tu" ndiyo ya kuangaliwa. Asilimia 2 ya 360,000 ni 7,200. Deni lenyewe kwa mwezi ni 15,000. Basi kila mwezi analipa 22,200, na kwa miezi 24 ni 532,800. Ukijumlisha na arbuni, gari la 600,000 limekuwa la 772,800. Tena tazama mwezi wa mwisho. Deni lililobaki ni 15,000 peke yake, lakini riba ni ile ile 7,200, kama kwamba hakuna hata senti iliyolipwa miaka miwili yote. Kwa hiyo tuulize: je, riba hii huhesabiwa juu ya deni lote la mwanzo, au juu ya kile kilichobaki? Asiyeweza kulijibu swali hili kwa maandishi, tusitie sahihi mbele yake.

Sheria ya Ajira ya 2007 humkataza mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili za mshahara wa mtu, ili abaki na cha kula. Muuzaji wa magari hafungwi na kipimo hicho. Kipimo hicho hatuna budi kujiwekea wenyewe, pamoja na wake zetu, nyumbani, kabla ya safari ya Mombasa.

Jambo la pili ni haraka. Utaambiwa kuna mtu mwingine anakuja saa nane kulichukua gari lile lile. Au utaambiwa ushuru unapanda juma lijalo. Ni kweli kwamba ushuru hupanda. Mwaka 2023 Kenya ilipandisha ushuru wa forodha wa magari yaliyotumika kutoka asilimia 25 hadi 35. Lakini makadirio ya serikali husomwa mwezi wa Juni, na mabadiliko mengi ya kodi huanza tarehe 1 Julai, na habari zake hutangazwa mbele ya watu wote. Ushuru haupandi kwa siri ndani ya yadi moja. Tena gari lililokwisha kuingia nchini na kulipiwa, ushuru wake umekwisha kulipwa.

Jambo la tatu ni gari lenyewe. Magari mengi tunayouziwa yametumika Japani kwanza. Kwa kanuni za Kenya, gari lililotumika haliingizwi nchini ikiwa imepita miaka minane tangu kuandikishwa kwake mara ya kwanza. Kwa hiyo mwaka 2025 yaliruhusiwa yale ya 2018 na baadaye. Lakini wengi wetu hutazama herufi za namba na kusema, "Hili ni KDA, ni jipya." Herufi zile zaonyesha lini gari liliandikishwa Kenya. Umri wake ni habari nyingine. Gari lililoingia 2021 laweza kuwa la 2014. Tuombe cheti chake cha kutolewa Japani, kwa maana huandikwa mwaka wa kwanza kuandikishwa, na mara nyingi kilomita pia. Kilomita za kwenye cheti zikiwa nyingi kuliko za kwenye mita, mita imerudishwa nyuma. Na kama muuzaji anasema gari lilitoka mnadani, aonyeshe karatasi ya mnada. Herufi R au RA kwenye karatasi hiyo humaanisha kwamba gari lilipata ajali likatengenezwa.

Gari lililofanya kazi hapa kwetu nalo lina ugonjwa wake. Hewa ya bahari hula chuma. Juu utaona rangi inang'aa kama sahani mpya, lakini ukilala chini kwa chini utaona kutu imekwisha kutoboa. Kwa hiyo siku ya kutazama gari tusivae nguo za Ijumaa wala za Jumapili. Tuvae nguo za kazi.

Sisi wa reli tusihitaji kufundishwa jambo hili. Treni haiondoki stesheni kwa sababu mtu fulani amesema breki ni nzuri. Mabehewa hukaguliwa, breki hujaribiwa, ndipo ruhusa hutolewa. Vipi basi mtu akague breki za mali ya shirika, halafu mali yake mwenyewe ainunue kwa maneno ya mdomo?

Jambo la nne ni karatasi. Kuna magari yanayoshuka bandari ya Mombasa yakiwa safarini kwenda Uganda, Rwanda au Kongo. Hayo hayakulipiwa ushuru wa Kenya. Akitokea mtu akakuuzia gari la namna hiyo kwa bei ya chini, watu wa ushuru wakilikamata utapoteza gari na fedha pamoja. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Kuna na magari ambayo logibuku yake imewekwa rehani kwa mkopeshaji. Ulinzi wake ni mmoja: kabla ya kutoa hata arbuni, tutafute habari za gari katika rekodi za NTSA kwa namba yake, tuone jina la mwenyewe, na kama kuna mtu mwingine mwenye haki juu yake. Nambari ya chesisi iliyoandikwa pale ilingane na iliyogongwa kwenye chuma. Na malipo ya mwisho yaende pamoja na uhamisho wa jina. "Logibuku itakuja baadaye" ni maneno yaliyowaliza watu wengi.

Kila ahadi iandikwe. Akisema injini haijafunguliwa, iandikwe. Akisema atabadilisha magurudumu, iandikwe, na siku yake. Sheria ya Kenya ya kuuziana bidhaa husema kitu kilichouzwa kwa maelezo hakina budi kulingana na maelezo hayo, na Sheria ya Kumlinda Mnunuzi ya 2012 huyahesabu maneno ya uongo kuhusu bidhaa kuwa ni biashara isiyo halali. Lakini sheria haina masikio. Haikuwapo yadini siku ile. Husoma karatasi na kusikiliza mashahidi.

Hali kadhalika, aliyekodishiwa gari kwa malipo ya awamu chini ya sheria ya 1968 ana kinga moja ambayo wengi hawaijui. Akisha kulipa theluthi mbili za bei yote, mwenye mali hawezi kumnyang'anya gari barabarani. Hana budi kwenda mahakamani. Katika mfano wetu wa 772,800, theluthi mbili ni 515,200, maana yake ni arbuni pamoja na malipo ya miezi 13. Lakini angalia, si kila mkopo ni wa namna hiyo. Ule wa kuweka logibuku rehani una sheria nyingine. Tuulize kabla ya kalamu kugusa karatasi: mapatano haya ni ya namna gani, na yameandikishwa wapi?

Sasa tuseme neno la haki. Kijana yule mwenye tai yadini ni mfanya kazi kama sisi. Mara nyingi mshahara wake ni mdogo, na chakula chake kinatoka katika kamisheni ya kila gari linalouzwa. Asipouza, halipwi. Hatuna sababu ya kumtukana wala kumwita mwizi. Wako wauzaji wakweli, na hao hawachukii kuulizwa. Tena ingefaa vijana hao nao wawe na chama, wapate mshahara wa kueleweka, ili wasilazimike kuishi kwa kuharakisha watu.

Wengine watasema kwamba mtu akienda na shahidi na fundi ataonekana mshamba asiyejiamini. Tunawakumbusha mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947. Wafanya kazi wa bandari, wa reli na wa kazi nyingine walisimama pamoja. Mtu akiomba peke yake, ni rahisi kujibiwa kwamba nje ya lango wako wengine wanaoitaka kazi yake. Hayo hayo ndiyo maneno ya yadini: yuko mwingine anayelitaka gari hili. Dawa yake ni ile ile.

Kwa hiyo tunaleta maombi matatu kwa tawi letu. Kwanza, liwekwe daftari ofisini, kila mwanachama aliyenunua gari aandike aina yake, mwaka wake, bei aliyotajiwa na bei aliyolipa. Mali bila daftari huisha bila habari, na muuzaji anazo habari za wateja mia ilhali sisi kila mmoja anayo ya kwake tu. Pili, mafundi walio wanachama wakubali kwa zamu kufuatana na mwenzao anayekwenda kununua, naye awalipie nauli na chakula. Tatu, hati yoyote ya mkopo wa gari isomwe na watu wawili wa tawi kabla ya kutiwa sahihi. Muuzaji akikataa hati isitoke yadini kwa siku moja, amekwisha kutuambia yote tuliyotaka kujua.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji tuache kuoneana haya. Mwenzetu aliyepunjwa hufunika gari lake kwa turubai na kunyamaza, na kwa kunyamaza kwake mwingine huenda yadi ile ile juma linalofuata, akanywea kiti kile kile soda ile ile.

Shamba la minazi lilichukua miaka mingi kupandwa na wazee wetu. Lisiuzwe kwa mazungumzo ya asubuhi moja. Twendeni wawili au watatu, na karatasi, na kalamu, na nguo za kazi. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa reli,
Mariakani