Kukata springi za magari kukomeshwe



Nataka kutoa maoni yangu juu ya tabia ya baadhi ya vijana wenye magari madogo hapa Mwanza kukata springi ili magari yao yawe mafupi.

Sipingi mtu kupamba gari lake. Kijana aliyenunua IST au Vitz kwa jasho lake ana haki ya kulipenda, na gari lililoshushwa kwa kipimo hutulia vizuri kwenye kona za lami. Ninachopinga ni njia inayotumika. Springi fupi zilizotengenezwa kiwandani huonekana ghali, kwa hiyo fundi huchukua msumeno akakata mzunguko mmoja au miwili, na gari likashuka siku hiyo hiyo. Wengine huzichoma springi kwa moto wa gesi mpaka zilegee.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Springi ikipungua mizunguko, ugumu wake huongezeka. Yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikikatwa mmoja na nusu, hubaki mizunguko 4 na nusu, na ugumu wake huzidi kwa theluthi moja. Wakati huo huo nafasi ya kubonyea imepungua. Matokeo yake gari hudunda, shokapu hugonga mwisho na kufa mapema. Tena ncha iliyokatwa haikai sawasawa mahali pake, na tairi likining'inia shimoni springi yaweza kuchomoka. Iliyochomwa moto ni mbaya zaidi, kwa sababu chuma chake kimepoteza nguvu na kitaendelea kulegea.

Jambo hili lingekuwa la mwenye gari peke yake kama angepanda peke yake. Lakini huku vijijini magari madogo, tunayoyaita michomoko, ndiyo yanayotupeleka mnadani, benki na kituo cha afya. Mwaka jana, katika kijiji ninachofundisha, gari moja lililokatwa springi lilichukua mgonjwa usiku. Lilipofika penye jiwe katika njia ya changarawe, sampu ikapasuka na oili yote ikamwagika. Mgonjwa alimalizia safari juu ya pikipiki. Magari mengine hupita juu ya jiwe hilo kila siku bila kuligusa.

Hata Japani, yanakotoka magari haya, sheria ya ukaguzi inataka gari libaki na nafasi ya sentimita 9 kutoka chini, nao wana lami nzuri. Sisi tuna matuta ya barabara ya Musoma, changarawe na makorongo ya masika. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limetupunguzia kivuko kimoja, lakini milango ya vivuko vingine vya ziwa letu bado inakwangua matumbo ya magari.

Kwa kijana mwenye fedha kidogo ambaye lazima ashushe gari lake, nashauri hivi. Kwanza, anunue springi nne kamili zilizotengenezwa kwa aina na mwaka wa gari lake, hata zikiwa za mtumba. Zile za mtumba azisimamishe juu ya sakafu iliyo sawa, mbili za mbele pamoja na mbili za nyuma pamoja. Zisipolingana urefu, au zikiwa na nyufa au kutu iliyokula chuma, aziache. Pili, aridhike na kushuka sentimita 2 au 3. Tatu, asizifunge juu ya shokapu zilizokufa. Nne, gari likinyanyuliwa kwa jeki, ahakikishe springi bado imebanwa mahali pake. Mwisho, apime alaimenti ya magurudumu na kurekebisha taa. Kama fedha haitoshi kwa hayo yote, abaki na springi za kiwandani. Fedha ya shokapu mpya na tairi zilizoliwa upande mmoja ni nyingi kuliko ile aliyodhani ameiokoa kwa msumeno.

Gari la kubebea abiria lisishushwe kabisa.

Nawaomba askari wetu wa usalama barabarani, wanapokagua magari katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, wasiishie kwenye taa na breki, bali wainame watazame springi pia. Vyuo vya VETA navyo viwaite mafundi wetu wa mitaani kwa mafunzo mafupi juu ya jambo hili. Wengi wao hawana nia mbaya. Wanakata kwa sababu mteja ametaka, wala hakuna aliyewaeleza madhara yake.

Sisi watu wa ziwani tunajua vizuri kwamba vyaelea kwa kuwa vimeundwa. Springi nayo imeundwa kwa hesabu, tusiiharibu kwa msumeno.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Magu, Mwanza.