Mtafiti wa Nyimbo na Usiku wa Mugithi Githurai 45

Kwamba fasihi simulizi ni fasihi ya utendaji ni kauli ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili huinukuu katika juma la kwanza la muhula na kuirudia katika chumba cha mtihani. Ajabu ni kuwa tasnifu si haba zinazohusu nyimbo hutegemea maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye kaseti na santuri. Mwimbaji hayupo, hadhira haipo. Zimebaki beti na vina, na uhakiki hufanywa kana kwamba wimbo ulizaliwa karatasini.

Kasoro hii hudhihirika vyema Githurai 45, kitongoji cha eneo la Ruiru kilichopata jina lake kutokana na nambari ya njia ya basi. Hapa si mbali na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Usiku wa mwisho wa juma, katika baa za mtaa huu, mtu mmoja hushika gitaa, akasaidiwa na kinanda cha umeme kinachompa mdundo, akaimba kwa saa nyingi pasipo bendi. Mtindo huu huitwa mugithi, neno la Kikuyu lenye maana ya garimoshi, kwa kuwa wachezaji hujipanga mstari, kila mmoja akamshika aliye mbele yake, wakazunguka ukumbi kama mabehewa. (Reli halisi ya kwenda Thika nayo hupita Githurai, na wachuuzi wanaopanga bidhaa zao kando yake wanaijua kuliko mtafiti yeyote.) Ulivuma tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na Mike Rua ni miongoni mwa waliouvumisha.

Msikilizaji aliyemjua mwimbaji wake kwa kanda tu hushangaa anapomwona kwa macho. Wimbo wa dakika nne hurefushwa hadi robo saa. Jina la mteja aliyetoa tuzo huchopekwa katikati ya ubeti, naye mteja huyo huinuka, akatoa tena. Mwanafunzi wa taarabu atatambua mara moja desturi ya kutunza. Mwimbaji huikagua hadhira yake, akaona wazee wangapi na vijana wangapi, kisha huamua atakachoimba. Hapana nakala iliyoandikwa inayoweza kuonyesha uamuzi huo.

Lakini kuna jambo moja ambalo linamhusu hasa mwanafunzi wa Kiswahili. Katikati ya nyimbo za Kikuyu, mwimbaji wa mugithi hugeukia zilizopendwa: nyimbo za Kiswahili za kizazi cha Fadhili William, Fundi Konde na Daudi Kabaka. Githurai si mtaa wa kabila moja. Mkamba, Mluhya, Mjaluo na Mkisii wamepanga vyumba humo, nao huketi katika baa hizo hizo. Wimbo wa Kikuyu ukiendelea, baadhi yao huwa watazamaji tu. Wimbo wa Kiswahili ukianza, wao nao huwa waimbaji. Kisha mwimbaji hurudi kwenye Kikuyu, na mpaka ule hurejea. Katika nchi iliyomwaga damu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpito huu wa lugha mbele ya hadhira mchanganyiko si jambo dogo. Nani alialikwa kuimba, kwa muda gani, na nani aliomba wimbo huo? Haya ni maswali ya isimujamii na ya fasihi kwa pamoja. Nayo hayapatikani katika kanda, kwa sababu aghalabu kanda hurekodi wimbo mmoja mmoja, wala si njia inayopitwa kutoka wimbo hadi wimbo.

Yupo atakayesema kwamba mugithi ni mali ya wataalamu wa Kikuyu. Ni kweli kwamba Maina wa Mutonya ameuandikia uhusiano wa mugithi na utambulisho wa kikabila, na kazi yake inafaa kusomwa. Hata hivyo, mtaalamu wa Kikuyu ana haki ya kushughulikia Kikuyu. Kile Kiswahili kinachoimbwa saa sita za usiku kinamngoja nani?

Pingamizi la pili ni la maadili. Baadhi ya nyimbo hizi zimechota katika nyimbo za jando, nazo hutaja mambo ya mwili bila stara. Hoja hii ingekuwa na uzito zaidi kama wasomi wetu wasingekuwa wakiziheshimu nyimbo za unyago. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alisifiwa kote kwa sanaa hiyo. Kinachoitwa turathi kikiwa Unguja huitwa matusi kikiwa kando ya barabara ya Thika.

Gharama ya kuchelewa inajulikana. Siti binti Saad alirekodi santuri nyingi Bombay kuanzia mwaka 1928, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Lakini upande mmoja wa santuri za wakati ule ulichukua takriban dakika tatu tu. Usiku mzima wa Siti mbele ya watu wake, pamoja na vituo, vicheko na majibu yao, haukuingia humo. Karibu nasi, Joseph Kamaru alifariki Oktoba 2018, na John De'Mathew akafa katika ajali ya gari karibu na Blue Post, Thika, Agosti 2019. Nyimbo zao zipo kwa wingi. Aliyetaka kuchunguza jinsi walivyoijibu hadhira yao sharti sasa awategemee waliokuwapo.

Kwa hiyo idara zetu zingefanya vyema kuihesabu ziara ya usiku kuwa sehemu ya utafiti wa nyanjani, wanafunzi waende kwa kundi na pamoja na mhadhiri, wala wasiachwe waende kwa siri kama watoro. Wamwombe mwimbaji idhini kabla ya kurekodi, na katika bajeti ya utafiti watenge fedha za kumtuza, kwani sehemu ya riziki yake ya usiku ule hutoka mifukoni mwa wanaomsikiliza.