Maagizo Marefu Hulipiwa

Hapa Isiolo mimi huiandikia akili unde maagizo ya kufuata inaponisaidia kuunda programu ya alama za mitihani. Faili hiyo hubebwa katika kila ombi, na maneno yake hukatwa vipande viitwavyo tokeni, ambavyo hulipiwa mithili ya tokeni za stima. Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko Kiingereza, kwani mashine hizo zilifunzwa zaidi kwa Kiingereza, dhuluma iliyoje! Hata hivyo, sioni haja ya kukihama. Nimefuta salamu, marudio na yote ambayo mashine yaweza kujionea ndani ya programu yenyewe. Kanuni za kazi za nadra nimezitenga katika faili nyingine, zisomwe zinapohitajika. Amri moja sikuigusa: isifute alama ya mwanafunzi yeyote.