Salme Hakukimbilia Uhuru

Sisi Waswahili tulioko Fort Worth tunaipenda mno hadithi moja, na watoto wetu wanaipokea vivyo hivyo: kwamba Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alitoroka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, na Ulaya ndiko alikoonja uhuru wa mwanamke. Naikataa.

Mtazameni kabla hajapanda manowari ya Waingereza iliyomtorosha. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, maana wasichana walifundishwa kusoma tu. Baba yake alipofariki mwaka 1856, Salme alirithi shamba na fedha, umri wake miaka 12. Mwaka 1859 ndiye aliyemwandikia kaka yake Barghash barua za njama dhidi ya ndugu yao, Sultani Majid. Kwa sheria ya Kiislamu, mali yake ilikuwa yake, aolewe asiolewe.

Sisemi Unguja ilikuwa pepo. Mashamba yale yalilimwa na watumwa, jambo ambalo Salme mwenyewe alilitetea, na mimba aliyoipata nje ya ndoa ingeweza kumtoa roho. Sababu ya kukimbia alikuwa nayo.

Lakini alikimbilia nini? Mumewe, Rudolph Heinrich Ruete, alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu wachanga. Mwanamke aliyekabidhiwa shamba lake tangu utotoni akakuta mirathi iko mikononi mwa wanaume waliowekwa kumsimamia. Kule Unguja nako haki ya kurithi ilishampotea alipobatizwa. Akafundisha Kiarabu ili watoto wale. Mwaka 1885 Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alimpeleka Unguja pamoja na manowari ili kumbana Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani. Wajerumani walipopata yao, madai ya Salme wakayaacha.

Na si Ujerumani peke yake. Hapa Texas, hadi mwaka 1967 mke kwa kawaida hakuweza kuuza ardhi yake mwenyewe bila saini ya mumewe. Sheria ilibadilika kwa sababu Louise Raggio, wakili wa Dallas, aliisimamia kidete. Wanawake wa jimbo hili walipigania kitu ambacho bibi zetu wa pwani walikuwa nacho kisheria zamani, na wanetu wanaosoma shule za hapa wana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi.