Ubaharia wa Irrfan Khan

Wahenga walituusia tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Wasia huo umewapita wale wanaoisimulia safari ya Irrfan Khan, mwigizaji wa Kihindi aliyefariki Mumbai mwezi Aprili 2020, kana kwamba alizaliwa siku nchi za Magharibi zilipomwona. Kwao, Slumdog Millionaire ya 2008 na Life of Pi ya 2012 ndizo sanaa; miaka yake ya televisheni ni ya mtu aliyekaa pwani akingoja chombo. Rai hiyo twaikataa.

Irrfan alihitimu Chuo cha Taifa cha Drama, Delhi, mwaka 1987. Mwaka uliofuata alionekana katika sehemu ndogo aliyopewa na Mira Nair katika Salaam Bombay!: mwandishi wa barua wa mtaani, anayewaandikia wasiojua kuandika. Kisha zikaja tamthilia za televisheni, zikiwamo Chanakya na Chandrakanta. Huko ndiko kwenye ubaharia. Kamera ya televisheni humsogelea mtu usoni, wala haimwachii pa kujificha. Asiyejua kusema kwa jicho huumbuka.

Wapo pia wanaomsifu kwa sifa isiyo yake, wakidhani kumudu sehemu nyingi ni kubadili kanzu na lafudhi. Katika Maqbool ya 2003 aliibeba dhambi ya Macbeth ndani ya genge la Mumbai. Katika Paan Singh Tomar, filamu iliyompatia tuzo ya taifa ya mwigizaji bora, alikuwa askari mkimbiaji aliyeishia kuwa haramia wa makorongoni. Lakini katika In Treatment, tamthilia ya televisheni ya Marekani ya mwaka 2010, alikuwa mjane wa Kibengali aliyekaa kitini akizungumza na tabibu wa nafsi. Hana farasi, hana bunduki. Ana sauti na kimya tu. Je, hapo kanzu ilimsaidia nini?

Wapenzi wa ushairi watanielewa. Mtunzi hawi bingwa kwa kuruka bahari hii na ile, bali kwa kuwa mizani yake haivunjiki katika yoyote kati ya hizo. Katika The Lunchbox ya 2013, Irrfan ni karani anayekaribia kustaafu, akisoma barua za mwanamke asiyemjua, zinazomfikia ndani ya vyombo vya chakula vilivyopotea njia. Kati ya barua za 1988 na hizi pana miaka 25, na mingi ya hiyo ni ile inayobezwa.

Twagomba kwa sababu maradhi haya ni yetu pia. Pwani hii imetazama sinema za Kihindi kwa vizazi, bila kungoja hakimu wa ng'ambo aithibitishie utamu wake. Mbona basi mwigizaji wetu wa televisheni twamwita mchekeshaji wa sebuleni, na mtunzi wetu hatumsifu mpaka atafsiriwe? Anayengoja muhuri wa wengine ndipo amtambue msanii wake, atamtambua siku ya matanga.