Ramani ya Kibondo na Kasulu ipo, soko halimo

Mnunuzi wa maharage anayeingia Kasulu akitokea Mwanza au Dar es Salaam huuliza maswali mawili: gunia bei gani, na lori litafika wapi. La kwanza atajibiwa na dalali yeyote pale stendi. La pili hakuna aliyeliandika mahali, ingawa ndilo linalopanga la kwanza. Kijiji ambacho lori halikifikii wakati wa masika huuza kwa bei ya yule aliyethubutu kwenda, tena kwa lumbesa.

Ajabu ni kwamba nyanda hizi za Waha si ngeni kwa ramani. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu katika makazi mapya kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Kuanzia 1993 Warundi walikimbilia huku kwa wingi, na 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo. Mashirika ya misaada nayo yakaja na ramani zao. Kila mara aliyeshika kalamu alitaka kujua watu wakae wapi. Nani anamuuzia nani, na kwa njia ipi, halikuwa swali lake.

Kazi ya mashirika hayo isibezwe. Mradi wa Missing Maps, ulioanzishwa mwaka 2014, hutumia watu wa kujitolea walio mbali kuchora mapaa na njia kutoka picha za satelaiti, ili wahudumu wa afya na wa maafa wajue pa kwenda. Lakini anayechora akiwa London anaona bati tu. Kama chini yake ni ghala, kanisa au duka la rejareja, hilo hujulikana kwa kutembea.

Hasara ya ramani isiyo na soko ilionekana kambini. Kwa utaratibu uliowekwa, mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilometa 4 kutoka kambini bila kibali. Mpimaji akichora hapo atapata duara. Mfanyabiashara ataona ukuta. Ndani walikuwamo makumi ya maelfu ya walaji, nje wakulima wa Makere na vijiji jirani wenye muhogo, ndizi na mboga. Walikutana katika masoko ya pamoja. Mwaka 2017 mpango wa kuwapa wakimbizi wa Nyarugusu fedha badala ya chakula ulisimamishwa. Mwaka 2019 masoko ya pamoja yakafungwa, na 2021 ikafungwa kambi ya Mtendeli, Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Sababu za serikali ni mjadala mwingine. Linalohusu ukurasa huu ni kwamba mwenyekiti wa kijiji asiyeweza kuonyesha mnunuzi wa pili yuko umbali gani, na njiani kuna mito mingapi, anabaki na malalamiko. Malalamiko hayaingii kwenye bajeti.

Mkoani humo humo, vijiji vinavyozunguka Gombe vimeonyesha njia nyingine. Taasisi ya Jane Goodall, ambayo mradi wake wa TACARE ulianza mwaka 1994, iliwawekea wanakijiji picha za satelaiti mezani. Wakatambua wenyewe vijito, njia na mashamba yao, kisha wakapanga matumizi ya ardhi. Baadaye wasimamizi wa misitu wa vijiji walipewa simu na vishikwambi vya kurekodi miti iliyokatwa. Hiyo ni hifadhi, si biashara, lakini chombo ni kile kile: panapoandikwa msitu panaweza kuandikwa gulio, ghala na daraja lililobomoka.

Kisingizio cha gharama kimekwisha. Programu ya QGIS ni ya bure, na picha za Sentinel-2 za Ulaya, zinazoonyesha vitu kwa kipimo cha mita 10, ni za bure pia. Kinachogharimu ni mafuta ya pikipiki na posho, hasa posho.

Hofu ya kweli iko kwingine. Ramani nzuri humnufaisha kwanza mwenye mtaji: ataona bonde lenye maji na barabara ya lami ya Kabingo hadi Manyovu inapopita, kabla mwenye shamba hajajua ardhi yake imepanda thamani. Kwa hiyo isikae kwenye kompyuta ya mshauri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ugawaji wa ardhi. Karatasi ibandikwe ofisi ya kijiji, majina ya vilima yaandikwe kwa Kiha, na mtu aweze kuipinga kwa kidole.

Halmashauri hazina haja ya kusubiri mfadhili. Mashine za kielektroniki za kukusanyia ushuru wa mazao zinahifadhi tarehe na kiasi cha fedha kwa kila stakabadhi. Kila stakabadhi ikiongezewa jina la kijiji mzigo ulikotoka na saa ulizotumia njiani, msimu mmoja wa maharage utatosha kuonyesha ni daraja gani la kujengwa kwanza, na ni ghala gani lilijengwa mahali pasipo na mzigo.